Kura Moja ya Msufini: Ukurasa Uliogandishwa

Haya, msomaji, kaa vizuri. Wiki nzima mmeniandikia barua za kunisuta, ati nimemwacha Bi Mashavu jikoni peke yake, birika linatokota, daftari la mumewe kalishika juu ya mvuke. Basi mvuke umefanya kazi yake. Gundi imelainika, na ukurasa ule ambao Bwana Badawi aliugandisha kwa mkono wake umeanza kuachia pembeni.

Kwa aliyechelewa, nitamfupishia, kisha asiniulize tena.

Mashavu na mumewe Badawi ni watu wa Unguja walioikimbia nchi mwaka sitini na nne. Sasa ni mwaka themanini na moja, wanakaa Jeddah, mtaa wa Nuzha, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Nje kunajengwa kila kona, fedha ya mafuta inamwagika hata kwa asiyeiomba. Lakini kwa Bwana Badawi hapazungumzwi mafuta. Panazungumzwa Jimbo la Msufini na uchaguzi wake wa Januari 1961, chai ikiwepo, chai isiwepo.

Januari ile walisimama wawili kugombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria. Badawi alisimama kwa chama cha Taa, na Hilal kwa chama cha Nanga. Huyo Hilal ni kaka yake Mashavu, baba mmoja mama mmoja. Jimbo likapasuka. Watu wa Taa hawakununua chumvi duka la Nanga, watu wa Nanga hawakwenda maziko ya Taa. Na Badawi, ili chama chake kisimshuku kwa kuoa damu ya Nanga, alipanda jukwaani mbele ya halaiki akatundika talaka: "Nyumba yangu ikitoa kura moja ya Nanga, Mashavu hana ndoa. Talaka tatu." Watu wakampigia makofi.

Zilipohesabiwa, Hilal alipata kura 1,208. Badawi alipata 1,207.

Kura moja tu. Jimbo zima likageuza shingo likamtazama mwanamke mmoja. Wakampa na jina, Bi Kura Moja, na jina hilo limevuka naye bahari. Mama yake Badawi hakula tena chakula kilichopikwa na mkwewe mpaka anaingia kaburini. Badawi mwenyewe hakusema nimekuacha wala hakusema nakuamini. Alinyamaza, akaendelea kulala kitanda kimoja naye, na mwaka wa pili akazaliwa Wahida.

Juni ya mwaka ule ule Hilal akashinda tena, mara hii kwa mamia, maana Taa walikwishakata tamaa. Sitini na tatu akashinda tena. Sitini na nne hakuna aliyeuliza nani kashinda. Mshindi na mshindwa walikimbia kwa njia zao, jimbo lenyewe likafutwa kwenye ramani, na wote wawili wakaja kutafuta kafili wa kuwadhamini na ikama ya kuishi katika nchi hii hii.

Sasa Wahida ana miaka kumi na tisa, na kesho Alhamisi anaolewa na Abdalla, mtoto wa Hilal, injinia huko Riyadh. Vijana wamependana, wazee wakasema alhamdulillahi, damu imerudi. Ndipo wazee wa Msufini wanaokutana Shumaisi, mtaa wa Riyadh, kila Ijumaa wakatia mchanga kwenye pishi. Walimtuma Hilal na suala: mama mtu aliachwa kwa ile kura ya Januari, binti kazaliwa mwaka uliofuata, je, ni mtoto wa ndoa huyo? Mashavu aape juu ya Msahafu aliipigia nani. Ikiwa aliipigia Nanga, hakuna harusi.

Msahafu uko sebuleni. Kaushika Maalim Haidari, mtu wa Lamu anayesomesha watoto wa mtaa, hana Taa wala Nanga. Hilal keshafika kwa ndege ya asubuhi. Badawi kakaa naye, wamepeana migongo. Wote wanamngoja Mashavu alete kahawa kisha aape.

Na angeapa tu, msomaji, mambo yangekwisha. Alikuwa na cha kuapia, maana Mashavu aliipigia Taa. Alimpigia mumewe, akamwacha kaka yake. Lakini mtu aliyesutwa miaka ishirini hataki kuapa tu. Anataka kujua mumewe kamwandika vipi katika ile historia ya jimbo anayoitunga tangu walipofika Jeddah, daftari nne kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambayo wazee wa Shumaisi wamekwisha kuipangia siku ya kusomwa mbele ya watu. Alijua ukurasa wa Januari umegandishwa. Alikuwa akiupapasa kila akipangusa vumbi kabatini.

Ukurasa ukaachia.

Mashavu aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma polepole kama alivyosoma Msahafu chuoni.

"Jioni ya kuamkia kura, mama mkwe wangu Bi Mwanakhamis alituita mimi na shemeji Hilal chumbani kwake. Akasema, nyinyi mtaniulia binti yangu. Kesho kila mmoja wenu ampigie mwenziwe. Kura zenu zitakatana, jimbo halitapungukiwa na kitu, na mtabaki mashemeji. Tukamshika mkono, tukaapa. Mimi nilitimiza. Nilipoingia chumba cha kura pale skuli nilitia alama kwenye Nanga."

Akarudia. Hakuamini macho, akarudia mara ya tatu.

Mume aliyemtundikia talaka jukwaani asiipigie Nanga, yeye mwenyewe aliipigia Nanga. Kaipigia, kaja nyumbani, kala wali aliopikiwa, kisha kaacha dunia nzima imtemee mkewe mate.

Chini yake Badawi aliandika: "Kwa kuwa na shemeji naye alitimiza, kura zetu zilikatana. Basi ile moja ilitoka kwa mwengine, na mwengine aliye karibu nami ni mmoja tu."

Yaani mpaka leo. Mpaka leo mtu huyu anaamini ni mkewe.

Mashavu hakulia. Alizima jiko, akamimina kahawa kwenye vikombe vitatu. Daftari akaliweka juu ya sinia, wazi, ukurasa bado una umajimaji, akaingia nalo sebuleni.

Badawi ndiye aliyeliona kwanza. Rangi ya uso ilimtoka.

Maalim alimkaribisha kwa heshima, akamwambia bibi, hapana la kuogopa, tia udhu useme ukweli wako, halas, kesho tule pilau. Mashavu alimjibu kuwa udhu anao, ila kabla hajaapa ana suala moja kwa kaka yake. Akamgeukia Hilal. Hawa ndugu hawakuwa wamesemezana ana kwa ana tangu mwaka ule. Hata posa ilikwenda kwa barua.

"Kaka, nilipotoka kupiga kura ulikuwa umesimama mlangoni pa skuli. Nilikwambia nini?"

Hilal alikohoa, akasema hayo ni ya kale.

"Nilikwambia nini?"

"Ulinambia umempigia mumeo."

Badawi aligeuka akamtazama mkewe kama ndio kwanza anamwona.

"Ukanikata," Mashavu alisema. "Tangu siku ile hukunijulia hali, na maziko ya mama nimeyasikia kwa watu. Lakini ulijua sina kosa. Waliponiita Bi Kura Moja ulijua. Waliponambia naishi na mume kwa haramu ulijua. Na leo umepanda ndege kuja kuniapisha. Kwa nini, kaka? Ulikuwa unamficha nani?"

Hilal akaanza maneno ya siasa. Siasa ya wakati ule, dada, ilikuwa kali, watu walikuwa na hasira, wewe mwanamke huwezi kujua. Mashavu alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamsomea ukurasa, kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka pale pa kumshika mama mkono.

Badawi aliinamisha kichwa. Maalim Haidari alimtazama huyu, akamtazama yule, kahawa inapoa.

"Mwenzio alitimiza," alisema Mashavu. "Wewe je?"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo palipotoka kitu ambacho daftari nne za Bwana Badawi hazikukipata. Miaka ishirini mtu yule anahesabu. Kaandika majina ya wapiga kura wote wa Msufini, kijiji kwa kijiji, waliokufa na walio hai, huyu Taa, huyu Nanga, huyu aliumwa hakuja. Kawaandikia watu barua Muscat, Dubai, Mombasa, akiwauliza fulani alipiga wapi. Alimtafuta mchawi kila nyumba asimwone, na kumbe mchawi alikuwa akimpa mkono siku ya Idi.

"Nilijipigia mwenyewe," alisema Hilal.

Hesabu ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la pili ataiweza. Hilal angetimiza ahadi ya mamake, angebaki na 1,207, na Badawi angekuwa na 1,208. Kura moja iliyowazungusha watu dunia nzima ilitoka kwenye mkono wa mgombea.

Badawi alisimama. Nilidhani, na nyinyi nadhani mlidhani, atamwendea mkewe ampigie magoti. Hata kidogo. Alimwendea Hilal, kidole kakinyoosha.

"Nilikuwa mjumbe," alisema. "Kiti kilikuwa changu. Umeniibia jimbo."

Hilal akamjibu kuwa jimbo lenyewe liko wapi sasa, alioneshe kama analiona. Badawi akasema angekuwa yeye Barazani mambo yasingefika yalipofika. Hilal akasema wewe, uliyeshindwa kujipigia kura mwenyewe, ungeiongoza nchi? Wakaanza, wazee wawili wenye sukari na presha, mmoja analinda stoo ya saruji Riyadh, mwengine anapanga mafaili ya tajiri Jeddah, wanagombea kiti cha Baraza ambalo halipo, katika nchi isiyokuwa na sanduku la kura hata moja.

Mashavu aliwasikiliza. Alikuwa akingoja neno moja miaka yote ile, na hata leo, kweli imewekwa juu ya sinia, mumewe aliliona jimbo kwanza.

"Badawi," alisema. "Kura yako umeipata. Mimi je?"

Mzee akaganda na kidole chake hewani. Akageuka, akasema, "Mashavu, mimi..." Akakaa chini kwenye busati, akaufunika uso kwa viganja.

Mngesema hapa pametosha. Mwanamke kasafika, wazee wa Shumaisi wafungwe midomo, kesho ndoa. Na Hilal ndivyo alivyosema. Alisema yalla, Maalim, umesikia mwenyewe, dada yangu kaipigia Taa, mimi ni shahidi, nitakwenda kuwaambia Riyadh, fungeni Msahafu.

Lakini Maalim hakuufunga. Alikuwa amekunja uso tangu zamani. Watu wa kusomesha wana tabia hiyo, hawaachi neno likapita. Alisema yeye hakuwepo Msufini, na toka asubuhi anasikia talaka, talaka, wala hakuna aliyemwambia ilitamkwa vipi. Akaomba ayasikie maneno yenyewe, kama yalivyotoka.

Wanaume wawili wakatazama busati. Akayasema Mashavu, maana ndiye aliyeyahifadhi kuliko wote. Kayalalia, kayaamkia, kazaa nayo.

"Alisema, nyumba yangu ikitoa kura moja ya Nanga, Mashavu hana ndoa. Talaka tatu."

"Nyumba yenu ilikuwa na wapiga kura wangapi?" aliuliza Maalim.

"Wawili. Mimi na yeye. Mama yake alikaa nyumba yake."

"Wewe uliipigia Taa."

"Taa."

Maalim akamtazama Badawi. Na Mashavu, sinia bado mkononi, akaelewa: kura ya Nanga ilitoka nyumbani mwake vile vile, kwa mkono wa mumewe. Alikuja sebuleni na kweli imkomboe, na kweli ile ile imegeuka imemkamata.

Badawi naye alielewa. Akaanza kujitetea, ati alimkusudia mkewe, nani asiyejua, mtu hajitundikii talaka mwenyewe. Pengine Maalim angempokea, maana nia ina nafasi yake. Lakini Hilal alikuwa na jeraha bichi la kuambiwa mwizi, na mtu mwenye jeraha hapimi anapotupa jiwe. Alicheka kidogo.

"Muongo. Wazee wa Taa walipata habari kuwa mama anataka kutupatanisha, wakakutaka uapie kura yako na ya mkeo. Ndiyo maana ukasema nyumba. Nilikuwa pale sokoni penye jukwaa lenu, nimekusikia kwa masikio yangu."

Baada ya kusema ndipo alipojiuma ulimi. Akakumbuka bi harusi ni nani na bwana harusi ni nani.

Pazia la chumbani likasogea. Wahida alitoka, mikono ameitanua mbele, hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Kumbe alisikia yote. Wale waliokuwa wakimpamba walikuwa nyuma yake, hakuna aliyethubutu kumshika. Hakulia. Alimwuliza Maalim swali moja kwa adabu, yeye sasa ni nani.

Maalim Haidari ni mtu wa huruma. Alimwambia mwanangu, subiri, pana mlango umebaki. Mtu akitundika talaka juu ya jambo, kisha akalitenda jambo lile kwa kusahau, talaka haianguki. Ikiwa babako siku ile, na msukosuko wa uchaguzi, alisahau maneno yake ya jukwaani, basi mama yako ni mkewe tangu siku ile hadi leo na wewe ni mtoto wao wa halali. Na ikiwa aliyakumbuka, akatia alama vile vile, akarudi akakaa na mwanamke anayejua si mkewe tena... Maalim hakuweza kummalizia binti mwenye hina mikononi.

Akamgeukia Badawi.

"Bwana Badawi. Ulipotia karatasi sandukuni, uliyakumbuka maneno yako?"

Yule mtu aliyekumbuka kura zote za Msufini, nani alikuja kwa punda, nani kwa machela, nani alivaa kanzu ya kuazima, alinyanyua uso. Hakumtazama Maalim. Hakumtazama Mashavu. Alimtazama binti yake, na machozi yakamtiririka ndevuni.

"Nilisahau," alisema.

Maalim akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Hilal akajipangusa jasho kwa ncha ya ghutra yake ya kichwani. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akaanza kigelegele cha chinichini. Wahida akaja kumbusu babake mkono, akajizuia kwa ajili ya hina, akamwekea paji la uso begani. Hata Mashavu, na uchungu wake wote, alikubali. Alisahau. Basi na iwe alisahau. Mtu hana budi kusahau kitu.

Akaliinua daftari kutoka kwenye sinia alifunge.

Pale chini, kwenye pembe ya ukurasa, gundi ilikuwa nzito kuliko pengine pote, na mvuke haukuifikia vizuri jikoni. Sasa ilikuwa imeachia yenyewe. Palikuwa na mistari mitatu ambayo hakuisoma. Kidole kikaenda chenyewe.

"Nilipokuwa nakunja karatasi niliyakumbuka maneno yangu. Nikasema moyoni, kura ni siri, nani atajua. Jioni nikarudi nyumbani kwa Mashavu kama kawaida."

Alinyanyua macho. Badawi alikuwa akimtazama juu ya bega la binti yao. Hakuhitaji kuulizwa mkewe kasoma nini. Aliujua ukurasa ule una mistari mingapi, ndiye aliyeuandika, ndiye aliyeugandisha.

Midomo yake ilicheza bila sauti. Akasema, Mashavu.

Mwanamke huyu kabeba kosa lisilo lake miaka ishirini. Sasa anaombwa abebe na lililo la mumewe, akae na mtu huyu chumba kimoja leo usiku, akijua anayoyajua, au aseme, na binti yake avuliwe kanga za harusi mbele ya watu.

Maalim alikuwa keshatoa kalamu mfukoni. Alisema bora jambo hili liandikwe pale pale kwenye daftari, chini ya ukurasa ule ule, yeye na Hilal watie saini, ili wazee wa Shumaisi wasilete maneno tena. Akanyoosha mkono. "Nipe, bibi."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Ukurasa ule ungekandamizwa kwa kiganja, mara moja tu, pembe ile ingeshika tena, na ile mistari mitatu isingesomeka.

"Mama," alisema Wahida, "mbona humpi?"

Na vidole vya Maalim vikawa vimefika kwenye jalada.